Hasi tatu iko chini ya hasi mbili

Mama anayepeleka mtoto kliniki anajifunza namba hasi bila kuambiwa kuwa ni hesabu. Kwa vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto ambaye urefu wake kwa umri uko chini ya -2 amedumaa. Akiwa chini ya -3, amedumaa vibaya zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wapatao 30 katika kila 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Hakuna mama anayeona -3 ni afadhali eti kwa kuwa tatu inaizidi mbili.

Anayeona hivyo ni kaka yake mtoto huyo, aliye kidato cha kwanza au cha pili.

Kasanda, wilayani Kakonko, kama kwingineko katika shule za serikali, kijana husoma hisabati kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Akifika sekondari anakuta namba zilezile kwa Kiingereza, na sasa zimefungwa pamoja na herufi x na alama za < na >. Anaambiwa: ukigawa kwa namba hasi, geuza alama. Anakariri. Kwenye upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, ambao asiyefikia kiwango hurudia darasa, kanuni inamponyoka, na nyumbani anaanza kuitwa mzito. Mara nyingi kizito ni lugha.

Mzazi asiyejua Kiingereza bado ana cha kufundishia: daftari la madeni la dukani. Mwenye shilingi 5,000 mfukoni anamzidi mwenye 2,000. Sasa kila mmoja awe anadaiwa kiasi hichohicho. Aliyekuwa juu ndiye aliye chini, maana -5,000 ni ndogo kuliko -2,000. Wamebadilishana nafasi, na alama inageuka kwa sababu hiyo tu. Kuzidisha au kugawa kwa hasi ni kufanya mali kuwa deni na deni kuwa mali.

Swali la mtihani huwa hivi: -2x < 6. Ukigawa pande zote kwa -2, jibu ni x > -3. Aliyesahau kugeuza ataandika x < -3. Amwambie ajaribu namba moja iliyo chini ya -3, tuseme -4. Hasi 2 mara hasi 4 ni 8. Je, 8 ni ndogo kuliko 6? Hapana, kwa hiyo jibu lina kasoro. Akijaribu 0, anapata 0 < 6, ambayo ni kweli, na 0 iko juu ya -3. Jaribio hili halimalizi hata dakika moja, na msimamizi hawezi kumkataza.

Wapo pia wanaogeuza kupita kiasi. Wakiona alama ya kutoa popote, wanageuza. Katika 2x < -6 anayegawa ni 2, namba chanya, kwa hiyo alama inabaki ilivyo: x < -3. Katika x - 5 < 2 mtu anajumlisha 5 tu pande zote, na jibu ni x < 7. Wadaiwa wawili wakipewa shilingi 500 kila mmoja, mwenye deni kubwa bado ndiye aliye nyuma.