Mzaha wa Bwana Msa una kazi yake

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Mwanaidi Khamis

Kila zinapotajwa riwaya za mpelelezi Bwana Msa, hakosekani wa kulalamika kwamba zina mzaha mwingi mno kwa hadithi za mauaji. Rafiki yake Najum anauliza ovyo, Bwana Msa anavuta kiko chake na kujibu kwa mafumbo, na huku mtu ameuawa. Siafikiani na lawama hiyo. Mzaha ule ndio ufunguo wa upelelezi wa kisiwani.

Mtunzi wa riwaya hizo, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuhariri magazeti, yakiwemo Afrika Kwetu na Mkulima, alikuwa mkaguzi wa afya. Bwana afya huingia nyua za matajiri na za maskini, naye hujua kwamba aingiaye kwa ukali huoneshwa palipofagiliwa tu. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikachapishwa 1960.

Kwamba alijifunza kwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, hilo liko wazi: kiko ni kilekile, na rafiki wa kufuatana naye yupo. Ila Holmes yuko London, mji wa watu wasiojuana. Unguja haifiki kilomita 100 toka ncha hadi ncha, na mgeni huulizwa kwanza ni mwana wa nani. Mpelelezi wa London anamtafuta anayejua. Wa Unguja amezungukwa na wanaojua, na kazi yake ni kumpata atakayesema. Shahidi ni mjomba wa mshukiwa. Siri ya ndoa au ya urithi ikitoka, ukoo mzima unaaibika. Watu kama hao ukiwatisha wanafunga midomo. Wakae barazani, kahawa ipite, wachekeshwe, na neno litawaponyoka.

Kuna na khofu. Abdulla alijua alichokifanya alipoweka mzimu katika jina la kitabu cha kwanza, na Giningi, makao ya wachawi katika simulizi, katika cha pili, Kisima cha Giningi cha 1968. Khofu humnufaisha muuaji, kwa sababu panapoogopwa hakuna aendaye kutazama. Anayecheka huthubutu kusogea, na akisogea huona nyayo za binadamu.

Tena kisiwani hakuna pa kuhamia. Muuaji akishapatikana, nduguze na wafiwa watakutana tena msikitini, sokoni na harusini. Hukumu ya mahakama haiwafundishi namna ya kusalimiana kesho yake. Mtu kama Bwana Msa, asiye polisi, anayeheshimiwa na kutaniwa, huufichua ukweli bila kuwavunja waliobaki.

Abdulla aliendelea na mtindo huo hadi Kosa la Bwana Msa, 1984. Walimu wa fasihi, wapeni wanafunzi vitabu hivi wavisome kwa raha kabla ya kuwatungia maswali ya mtihani. Nanyi waandishi vijana wa Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, tuandikieni wapelelezi wapya wanaojua utani wa kwenu, na msikubali kuambiwa kwamba kitabu kinachochekesha ni kitabu chepesi.