Mtibwa ilishuka, sisi tukihesabu vidole

Msimu wa 2023/24 hapa hosteli tunaukumbuka kwa jambo moja: Novemba 5, Yanga 5, Simba 1. Mpaka leo ukinyoosha vidole vitano kantini unaanzisha ugomvi. Yanga wakabeba ubingwa wao wa 30, Azam wakawapiku Simba nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao. Sawa.

Ila msimu huohuo Mtibwa Sugar walishuka daraja, na hapa sikusikia mtu akilizungumzia. Hawa ndio mabingwa wa 1999 na 2000! Tangu hapo ni Azam tu, 2013/14, waliopenya katikati ya Simba na Yanga.

Mimi ni mtu wa Morogoro, na nakiri: Manungu sijawahi kukanyaga. Jezi yangu ni ya Kariakoo. Halafu ndio sisi tunaolalamika kwamba ligi ni ya timu mbili. Nani kaifanya hivyo kama si sisi? Timu ya mkoani haiishi kwa kuonewa huruma ikishashuka. Inaishi kwa kiingilio chako. Likizo hii, ndugu zangu, kabla ya kukimbilia kibanda umiza, ulizia timu ya nyumbani inacheza lini.