Kura Zisizopigwa Garissa

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Uchaguzi wa Mei 1963 hukumbukwa kama ushindi wa KANU dhidi ya KADU. Lakini katika Jimbo la Kaskazini-Mashariki, lenye miji ya Garissa, Wajir na Mandera, Wasomali waliususia, na viti vyao bungeni vikabaki vitupu.

Je, huo ulikuwa uzembe wa raia? La hasha! Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikuta kwamba Wasomali walio wengi walitaka kujiunga na Somalia. Machi 1963 Uingereza iliamua wabaki Kenya, ikawapa jimbo lao. Kususia ndiko kulikokuwa kura yao.

Hata hivyo, anayesusia humwachia mwenzake kalamu. Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa, na sheria zake kali zikadumu hadi 1991.

Tangu 2013 Garissa ina bunge lake la kaunti. Basi mwalimu anapoandika ubaoni matokeo ya 1963, asiviache viti vitupu. Navyo ni matokeo, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza nani alivitupusha.