Kompyuta ya pili iwe ndogo, na isiguswe na wateja

UPEPO WA KUSI
Na Somoe Abdallah

Mwenye steshenari wa Kilwa Masoko au Kivinje, ambaye usiku anahariri video na kurekodi kaswida, ana swali moja: je, aunde kompyuta ya pili, ndogo, kwa ajili ya kazi za sanaa peke yake? Vijana wengi wameniuliza jambo hili. Jibu langu ni kwamba awe nayo, mradi ajue kinachomfanya aihitaji.

Tuanze na mashine aliyonayo. Asubuhi inachapa barua za mwenyekiti wa kijiji. Mchana inajaza fomu za mikopo ya HESLB na maombi ya ajira. Jioni inatoa picha za paspoti. Kila mteja anakuja na flashi yake, na flashi nyingi zina virusi. Usiku mashine hiyohiyo inafunguliwa ili ihariri harusi ya watu. Faili likiharibika hakuna fidia, kwa sababu harusi hairudiwi. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa inayoponyoka ni ile kazi ambayo jina lako limeandikwa juu yake.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kuwa na mashine ya pili ni usalama wa kazi, wala si kasi. Isichomekwe flashi ya mteja. Isitumike kuprinti. Mdogo wako asiichezee gemu.

Kwa nini iwe ndogo? Kwa sababu ya umeme. Gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya yetu, inaendesha mitambo ya umeme ya Dar es Salaam tangu 2004, lakini huku kwetu umeme bado unakatika katikati ya kazi. UPS ndogo ya dukani huwa na betri ya volti 12 na Ah 7, yaani takriban Wh 84 ikiwa mpya. Kompyuta kubwa yenye kadi ya picha, ikila wati 300, huimaliza betri hiyo kwa dakika chache. Kasha dogo linalokula wati 40, pamoja na kioo cha wati 20, litakupa nusu saa au zaidi. Muda huo unatosha kumaliza kipande ulichokishika, kukihifadhi na kuzima kwa utaratibu.

Udogo nao una gharama yake. Kasha dogo hushika joto, na mashine ikipata joto hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Hewa yetu ya bahari imebeba chumvi, na chumvi hula shaba na kutia kutu kwenye soketi. Chagua kasha lenye matundu na feni unayoweza kuifungua na kuisafisha mwenyewe. Liweke mbali na dirisha linaloelekea baharini, na usiliache miezi bila kuliwasha.

Sasa, uunde kwa vipuri vipya au ununue? Mazabodi ndogo za Mini-ITX, zenye upande wa sentimita 17, zipo tangu 2001, lakini mara nyingi ni ghali kuliko kubwa za aina moja nazo. Tena tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye vituo vya akili mnemba. Kwa hali hiyo, ningemshauri kijana atafute kasha dogo la ofisini lililokwishatumika, kama OptiPlex Micro au ThinkCentre Tiny, likiwa na RAM yake ndani. Lijaribu hukohuko dukani Kariakoo kabla ya kulipa, kisha uongeze SSD. RAM ya GB 16 inatosha kuhariri video ya HD. Kdenlive na Audacity ni programu za bure, na zitakufikisha mbali.

Ukishaipata, nunua pia diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara kuu pale Somanga, na siku chache baadaye nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikadorora nchi nzima. Aliyekuwa ameweka kazi zake zote mtandaoni alibaki kusubiri.

Ipo kazi moja ambayo kasha dogo haliiwezi, nayo ndiyo ninayoitamani zaidi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walishayapima kwa leza na kuyatengenezea maumbo ya pande tatu. Kwa nini Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa zisiundwe hivyo pia na watoto wa Kilwa, kwa picha walizopiga wenyewe? Programu ya Meshroom ni ya bure, ila inahitaji kadi ya picha ya NVIDIA ili imalize kazi. Hiyo ni mashine kubwa, na ni mzigo mzito kwa mtu mmoja.

Kikundi kinaweza kuubeba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 4 kati yake ni ya vijana. Vijana wa Kilwa na Lindi, sajilini kikundi, mwombe. Nanyi maofisa maendeleo ya jamii, ombi la kompyuta ya kuhariria likifika mezani lipeni uzito uleule mnaolipa ombi la bodaboda au la mashine ya kukamua ufuta. Nayo ni kazi ya uzalishaji, na soko lake lipo.