Punguzo la bei ya gitaa si mshahara

Mkataba wa kutangaza chapa ya gitaa unavutia, lakini mwanamuziki wa Kisangani ausome vizuri kabla ya kutia saini. Mara nyingi kampuni hailipi pesa. Inapunguza tu bei ya chombo, huku ikitumia jina na picha ya msanii.

Biashara na muziki si maadui nchini Kongo. Mwaka 1973 Franco alitoa “Azda”, wimbo wa kuwatangaza wauzaji wa Volkswagen mjini Kinshasa, na waliocheza wengi hawakuwa na gari. Baadaye Werrason alisimama na Primus, JB Mpiana na Skol. Lakini bia haibadilishi sauti ya bendi. Gitaa huibadilisha.

Tena, kwa njia ya mto, Kisangani iko kilomita 1,700 hivi kutoka Kinshasa. Kipuri kikikosekana, nani atakileta? Mpiga gitaa anayekijua chombo chake na kuweza kukitengeneza asikiache kwa sababu ya punguzo. Akubali mkataba unaotaja malipo, muda, nyuzi na matengenezo, na unaomruhusu kupiga chombo kingine. La sivyo, abaki na gitaa lake. Wasikilizaji wa Tshopo hulipia muziki, hawalipii chapa.