Mchanga wa Kolmanskop na Jicho la Mpiga Picha

Katika jangwa la Namib, yapata kilomita 10 kutoka bandari ya Lüderitz nchini Namibia, upo mji wa machimbo ya almasi uitwao Kolmanskop. Tangu mwaka 1956 haukaliwi na mtu. Wapiga picha wengi wameuendea, miongoni mwao Helga Kohl wa Namibia, na picha zao zafanana: mlango uliokwama nusu wazi, ukuta wa buluu uliobambuka, nuru ya asubuhi ikianguka juu ya mchanga uliojaa chumbani.

Wako wenzangu wa maabara wasemao kwamba hayo ni mapambo tu. Sikubaliani nao. Hebu mwalimu aitwae picha iliyopigwa kwa ubavu, na mwanafunzi apime kwa kipimapembe mteremko wa mchanga uliomwagikia ndani. Mara nyingi atapata pembe isiyozidi sana digrii 34, kwani mchanga mkavu ukizidishiwa mwinamo huo huporomoka wenyewe. Kisha aulize kwa nini mchanga umetua humo. Upepo huzirusha chembe kwa mirukoruko karibu na ardhi; upitapo dirishani nguvu zake hupungua, mzigo ukaanguka.

Upepo huohuo ndio ulioleta utajiri. Mto Orange ulizichukua almasi kutoka bara hadi Bahari ya Atlantiki, mawimbi yakazisukuma kaskazini kandokando ya pwani, nao upepo ukapeperusha mchanga mwepesi na kuyaacha mawe mazito juu ya ardhi. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, alipokuwa akizoa mchanga relini, aliokota jiwe moja la namna hiyo akampelekea msimamizi wake, Mjerumani August Stauch. Stauch alitajirika. Lewala hakutajirika. Zikajengwa hospitali, kiwanda cha barafu na ukumbi wa dansi, mpaka almasi nyingi zaidi zilipogunduliwa kusini, karibu na mlango wa mto, na watu wakahama.

Hapa ndipo ninapogombana na wasanii. Katika picha nilizozitazama, kamera huzipenda nyumba za wakubwa, kwa sababu ndizo zenye rangi na karatasi za maua ukutani. Kambi za vibarua wa mkataba, wengi wao Waovambo kutoka kaskazini, hazionekani. Mtazamaji huondoka akiwahurumia waliopoteza bafu na ngazi nzuri! Jangwa halikuchagua cha kufukia; aliyechagua cha kuonyesha ni mtu aliyeshika kamera.

Zipo picha za kale, za zama za Wajerumani, zinazoonyesha vibarua wakitambaa kwa matumbo, safu nzima, wakiokota almasi mchangani. Ningependa mwalimu aitundike mojawapo ubaoni, kando ya ile ya chumba cha buluu, kisha awaulize wanafunzi ni nani aliyelipia karatasi ile ya maua. Na pembe ya mchanga waipime vilevile.