Foleni ya Kupunguza PDF

Wiki ya kukusanya ripoti za field huwa naitambua kwa foleni. Si ya kantini, ni ile ya steshenari karibu na geti: watu wameshika flashi, wanasubiri kijana wa pale awapunguzie PDF. Mfumo haupokei faili linalozidi MB 5, na picha za maandalio ya somo ulizopiga kwa simu zimefika MB 90. Ambaye bumu limeshakata anakimbilia tovuti ya bure, anapakia, anapakua, anashukuru Mungu.

Mwaka wa pili nilikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, kwa hiyo simcheki mtu. Ila tujiulize: mle kwenye faili mna nini? Mna kurasa za madaftari ya wanafunzi wetu, majina yao na alama zao. Mtoto wa kidato cha pili aliyepata 11 ya hisabati hajui kwamba daftari lake limepita kwenye seva ya mtu tusiyemjua, au limebaki kwenye kompyuta ya steshenari. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na sisi ndio tunaotarajia kukabidhiwa watoto hao.

Kazi yote hiyo inafanyika ndani ya laptopu yako, bure, na ukishaweka programu huhitaji bando. Programu yenyewe inaitwa ImageMagick. Unafungua lile dirisha jeusi la kwenye sinema za wadukuzi, unaandika:

magick daftari.jpg -auto-orient -resize 50% -quality 75 dogo.jpg

Maana yake: chukua picha hii, isimamishe wima, punguza upana na urefu kwa nusu, ihifadhi kwa ubora wa 75. Nusu kwa nusu ni robo ya pikseli, ndiyo maana faili linashuka sana. Hilo la kusimamisha wima lipo kwa sababu simu nyingi hazigeuzi picha. Huandika tu mwelekeo ndani yake, halafu ripoti yako inatoka kurasa zimelala ubavu. Kabla ya jina la mwisho ongeza -strip, nayo itafuta taarifa zilizojificha ndani ya picha, pamoja na mahali ilipopigwa kama simu ilikuwa inarekodi. Yaani shule ya yule mtoto.

Sasa tahadhari, maana iliniuma. Kuna amri ndugu yake, mogrify, inayofanya folda nzima kwa mpigo. Hii huandika juu ya picha zako zenyewe. Usiku mmoja nilikosea nikaweka 10% badala ya 50%, nikabonyeza, na kurasa 60 zikawa kama stempu. Shule zilishafungwa, madaftari yako makwao. Sura ya tatu ya ripoti niliiandika upya kwa kurasa 14 alizokuwa nazo mwenzangu tuliyepangiwa shule moja. Nakili folda kwanza, jamani.

Kwa mitihani ya zamani iliyopigwa chapa kuna Tesseract, inayogeuza picha kuwa maandishi unayoweza kuyatafuta na kuyahariri, na ina data ya Kiswahili. Mwandiko wa mkono usiipelekee, utacheka.

Mwenzangu wa chumbani ananiambia hayo ni ya watu wa IT. Mbona somo la teknolojia ya elimu ni letu? Semista nzima tumechora sehemu za projekta, hakuna aliyetuonyesha namna ya kuandaa karatasi 40 za wanafunzi bila kuzisambaza. Wengine wanasema app za simu zinatosha. Kwa kurasa tatu, sawa. Kwa 60, matangazo yatakumaliza. Asiye na laptopu, kwenye Android kuna Termux na ImageMagick inaingia humo, japo kuandika kwa kidole kunachosha.

Ninachoomba ni Jumamosi mbili kabla ya field, chumba chenye umeme, na walio na laptopu wakae na wasio nazo. Waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi ameniambia niandike barua. Nimeandika. Amenijibu niitume tena ikiwa na skani ya kitambulisho, PDF, isizidi MB 1.